Deni la Udongo Baada ya Kampuni Kuondoka

Desemba 2024 iliiletea pwani ya Kenya habari tatu ambazo magazeti yaliziweka katika kurasa tofauti. Tarehe 6, Mahakama ya Juu ilirejesha fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi wa Owino Uhuru, mtaa ulioko Jomvu, Mombasa, ambao kwa miaka kadhaa walivuta na kumeza sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwezi huo huo kampuni ya Amsons kutoka Tanzania ilikamilisha kuitwaa Bamburi Cement, kila hisa kwa shilingi 65. Na mwaka ulipokuwa ukifunga, Base Titanium ilisimamisha uchimbaji wake Kwale, miaka kumi na ushei tangu shehena yake ya kwanza ya madini ivuke bahari mwanzoni mwa 2014. Ya kwanza ilisomwa kama habari ya mahakama, ya pili kama habari ya soko la hisa, ya tatu kama habari ya watu kupoteza kazi.

Naamini tulizisoma vibaya. Zote tatu zinauliza swali moja: kampuni ikifunga, ikihama au ikibadilisha mwenyewe, deni lake kwa udongo na kwa majirani linabaki kwa nani? Tumezoea kuupima wajibu wa kampuni kwa inavyotoa wakati ipo: madawati ya shule, kisima, fulana za siku ya kupanda miti. Kipimo hicho kinatudanganya. Wajibu wa kampuni hupimwa kwa kile ilichoweka kando, kabla ya tanuri kuwashwa, kwa ajili ya siku itakapokuwa haipo. Na tukipima hivyo, hata hukumu ya Owino Uhuru, ambayo ni ushindi wa kweli na ulioliliwa kwa miaka mingi, inaonyesha shimo kubwa ambalo bado hatujalifukia.

Tuanze na mtaa wenyewe. Owino Uhuru ni nyumba za udongo na mabati zilizobanana, zenye wakazi zaidi ya 3,000. Kiwanda cha Metal Refinery kilijengwa ukuta kwa ukuta na nyumba hizo, chini ya mpango wa maeneo huru ya uzalishaji kwa ajili ya kuuza nje, kikafanya kazi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Kilianza kazi bila leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira, ingawa sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ilitaka tathmini hiyo itangulie. Mwaka 2009 kilimwajiri Phyllis Omido, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kushughulikia tathmini iliyopaswa kuwa tayari kabla tofali la kwanza halijawekwa. Ushauri wake ulikuwa kiwanda kihame. Hakikuhama. Mtoto wake akaugua, akapimwa, akakutwa na risasi mwilini. Omido aliacha kazi na akaanza mapambano yaliyomfikisha korokoroni mwaka 2012, na mwaka 2015 yakamletea tuzo ya mazingira ya Goldman.

Lugha yetu inatumia neno moja, risasi, kwa madini haya na kwa kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Tofauti ni kwamba ya bunduki inaacha jeraha ambalo kila mtu analiona. Risasi ya Owino Uhuru iliingia kwa vumbi, kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa, kwa nguo za baba aliyerudi kutoka zamu akapakata mtoto. Mwili huipokea kana kwamba ni kalsiamu na kuihifadhi mifupani kwa miaka. Mtoto mdogo hunyonya sehemu kubwa zaidi ya anachomeza kuliko mtu mzima, na ubongo wake ndio unajengwa wakati huo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Watafiti walipolinganisha watoto wa Owino Uhuru na wenzao wa mtaa wa Bangladesh, uliopo Mombasa hiyo hiyo, na wenye umaskini ule ule, waliwakuta wa Owino Uhuru na risasi karibu maradufu kwenye damu. Umaskini peke yake hauelezi tofauti hiyo.

Kesi ilifikishwa mahakamani 2016. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi bilioni 1.3, ikaagiza udongo usafishwe ndani ya miezi minne, na usiposafishwa zitolewe shilingi milioni 700 kwa kazi hiyo. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mitandaoni watu waliandika kwamba kampuni imeangushwa na wanyonge. Lakini anayeisoma hukumu ya 2020 hadi mwisho atakuta kitu kingine. Mahakama iliigawa lawama, na fungu kubwa kuliko yote halikumwangukia mwenye kiwanda. Liliiangukia NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Wizara husika zikapata mafungu yao, mamlaka ya maeneo ya uzalishaji ikapata lake, mwenye kiwanda lake, na mwenye ardhi aliyekipangisha kiwanda akapata lake.

Kisheria mgawanyo huo una mantiki, na nitaurudia. Lakini fikiria maana yake mfukoni. Kiwanda kilifungwa miaka sita kabla ya hukumu ya kwanza na kumi kabla ya ile ya mwisho. Kampuni yenye dhima ya kikomo, yaani ile ambayo wenye hisa hawadaiwi zaidi ya mtaji walioweka, ikishafunga milango, mdai anabaki akigonga mlango usio na mtu. Serikali haihami, kwa hiyo serikali ndiyo inayodaiwa, na hazina ya serikali ni kodi ya unga, ya mafuta taa, ya vocha ya simu. Mama wa Owino Uhuru anayenunua pakiti ya unga anachangia, senti kwa senti, fidia ya mtoto wake mwenyewe. Faida ya miaka ile ilikwenda kwa wenye hisa. Na hiyo bilioni 1.3, ikigawanywa kwa watu 3,000, haifiki nusu milioni kwa mtu. Kanuni ya mchafuzi kulipa, ambayo wanasheria walishangilia kuiona ikisimamishwa, imesimama kwenye karatasi. Kwenye pesa anayelipa zaidi ni aliyechafuliwa na jirani zake.

Wahenga walituachia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni kanuni ya ujirani inayochukulia kwamba ukarimu una mwisho, na kwamba baada yake mgeni anakuwa mwenzetu mwenye kubeba mzigo. Sheria zetu za uwekezaji zimesahau siku ya tatu. Kampuni iliyo katika maeneo yale ya uzalishaji hupewa msamaha wa miaka kumi wa kodi ya faida. Metal Refinery kilifunga kabla ya muongo kwisha. Kilikuwa mgeni tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na jembe walishika wenyeji.

Wapo wanaopinga hoja ya aina hii, na baadhi yao wana neno la kusikilizwa. Hoja yao yenye uzito ni hii: betri kuukuu hazitatoweka kwa sababu tumekifunga kiwanda kimoja. Kila matatu ina betri, kila lori, kila nyumba ya kijijini yenye sola ya zamani, na kila betri hufa baada ya miaka michache. Ukiwawekea viwanda rasmi masharti mazito, kazi itahamia nyuma ya nyumba, kwenye sufuria na mkaa, bila chujio wala mkaguzi. Hili si la kubuni. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, Senegal, watu walikuwa wakichekecha udongo uliojaa mabaki ya betri ili wauze risasi, na kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 watoto 18 walikufa. Hapakuwa na kiwanda pale. Kwa hiyo anayesema tufukuze viwanda vyote vya betri hajafikiri mpaka mwisho, na mimi si mmoja wao. Risasi inaweza kuyeyushwa na kutumika tena mara nyingi, na heri ifanyike ndani ya kuta zenye vichujio, mbali na makazi, wafanyakazi wakioga na kubadili nguo kabla ya kurudi kwao.

Lakini hoja hiyo inadai mpango wa fedha. Haidai masharti yalegezwe. Kinachomfanya mwenye kiwanda halali ashindwe bei na mwenye sufuria ni kwamba mwenye sufuria halipii madhara yake. Dawa yake ni kuiweka gharama kwenye betri yenyewe tangu inaponunuliwa: mteja alipe amana, arudishiwe akileta iliyokufa, na aliyeiingiza nchini awe na wajibu wa kuipokea na kuipeleka kwa mwenye leseni. Sheria ya Kenya ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 tayari imeuweka wajibu wa mzalishaji kwa bidhaa yake hadi mwisho wa maisha yake. Na sheria ya 1999 ina kifungu kinachoruhusu shughuli zenye hatari kubwa kuandikishwa na kudaiwa dhamana ya fedha kabla ya kuanza. Wazo lenyewe basi lina umri wa zaidi ya robo karne. Lau dhamana ya kutosha ingekuwa imekaa benki mwaka ambao tanuri la Owino Uhuru liliwashwa, usafishaji wa udongo usingehitaji majaji.

Hoja ya pili ni kwamba kosa ni la serikali, kwani kampuni hufanya inachoruhusiwa. Mahakama yenyewe iliipa NEMA fungu kubwa, na ilistahili: mlinzi aliyeajiriwa akaacha lango wazi ana hatia. Hata hivyo hatia ya mlinzi haimsafishi aliyeingia. Mwenye tanuri la risasi anajua risasi inafanya nini. Elimu hiyo ipo tangu enzi za babu zetu. Leseni inasema serikali haikukuzuia. Haisemi hukujua. Na hapa ndipo naona jambo la thamani zaidi katika hukumu nzima, ambalo halikuzungumzwa vya kutosha: mwenye ardhi kutiwa dhimani. Kiwanda huhama na kampuni hufa, lakini kiwanja hakina miguu. Kila mwenye godown kuanzia Changamwe hadi Mariakani sasa ana sababu ya kumuuliza mpangaji wake anachotaka kuchoma humo ndani, na kudai dhamana yake mwenyewe kwenye mkataba. Mkaguzi mmoja wa serikali anaweza kuhongwa au kuchoka. Mwenye kiwanja anayeogopa kurithi deni ni mkaguzi asiyelala.

Hoja dhaifu kuliko zote, na bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi kwenye mabaraza na kwenye taarifa za mwisho wa mwaka, ni ile ya "kurudisha kwa jamii". Inasema kampuni imejenga darasa, imechimba kisima, imedhamini kombe la kata, kwa hiyo ni jirani mwema. Darasa ni jambo jema na mtoto anayesoma humo hana kosa. Ila zawadi na deni ni vitu viwili. Mpaji anachagua atoe nini, lini, kwa nani, na mpiga picha asimame wapi. Mdeni hana uchaguzi huo. Ukimmwagia jirani taka kisimani kisha ukampelekea sahani ya biriani siku ya Idi, bado anakudai kisima. Tanzania ilijaribu kulitoa jambo hili kwenye hiari: marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yanazitaka kampuni za migodi kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii, ukubaliwe na serikali za mitaa. Ni hatua mbele, maana halmashauri inapata sauti. Lakini ni mpango wa mwaka hadi mwaka, wakati mgodi upo. Hauwezi kuchukua nafasi ya fedha za siku ya kufunga.

Sasa Bamburi, ambako mambo yalikwenda tofauti, na sababu yake inafundisha. Kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji miaka ya 1950, kikachimba matumbawe ya kale hadi kubaki jangwa jeupe lenye maji ya chumvi. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti kwenye mashimo hayo. Alijaribu aina 26. Tatu tu zilihimili. Mvinje ulishika kuliko yote, lakini majani yake yaliyoanguka hayakuoza, kwa hiyo udongo haukujengeka. Haller akaleta jongoo, wale wa miguu mingi myekundu tunaowarukia njiani wakati wa masika, wakayatafuna majani na kuyageuza mbolea. Udongo ukazaliwa juu ya mwamba. Mwaka 1984 machimbo yakafunguliwa kwa umma, na leo yanaitwa Haller Park. Nilipelekwa huko na shule nikiwa mdogo, na nilikuwa mtu mzima tayari nilipoelewa kwamba msitu ule ulikuwa shimo.

Hakuna sheria ya mazingira iliyolazimisha hayo mwaka 1971. Ile ya 1999 ilikuwa mbali. Sitaki kuupunguza moyo wa Haller hata kidogo. Lakini tuangalie pia mazingira yaliyouruhusu ufanye kazi. Bamburi haikuwa na pa kwenda: chokaa yake ilikuwa chini ya miguu yake, barabara ya hoteli ikipita mlangoni, na ingekaa hapo kwa miongo. Aliyepanga kukaa anapanda mti. Metal Refinery kilihitaji tanuri, ukuta na njia ya bandarini tu, vitu vinavyopatikana popote. Kwa hiyo kosa letu ni kutumia utaratibu mmoja kwa kampuni za aina zote. Kadiri kampuni inavyoweza kuondoka kwa wepesi, ndivyo inavyopaswa kutanguliza fedha nyingi zaidi kabla ya kupewa leseni. Sisi tumefanya kinyume: yule mwepesi ndiye tuliyempa msamaha wa kodi, kwa kuhofia asije akaondoka.

Wala Bamburi si hadithi ya malaika. Wakazi wa Kwale wamekuwa na mgogoro wa ardhi na kampuni hiyo hiyo kwa miaka mingi, na msitu mzuri Mombasa haulipi malalamiko ya Kwale. Hilo lenyewe linathibitisha kwamba wema wa hiari huchagua mahali. Na sasa mwenyewe amebadilika. Hisa zilipouzwa, saruji, mitambo na jina vilihamia kwa Amsons. Moyo wa kutunza machimbo hauhamishwi kwenye daftari la hisa. Sina sababu ya kumdhania vibaya mnunuzi. Kampuni ya Kiafrika kununua kiwanda cha Mombasa kutoka kwa Holcim ya Uswisi ni jambo ambalo wengi wetu Afrika Mashariki tulilipokea kwa fahari, nami nimo. Kwa sababu ya fahari hiyo hiyo nataka ahadi ya machimbo iwe imeandikwa, iwe na bajeti, na isomeke na mkazi yeyote wa Kisauni bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kwale iko katikati ya hao wawili. Mgodi una mwisho unaojulikana tangu mwanzo, kwa hiyo kufunga kunaweza kupangwa, na Base ilikuwa na mpango wa kurudisha udongo na mimea maeneo yaliyochimbwa. Hilo ni bora kuliko Owino Uhuru kwa umbali mrefu. Lakini kumbuka waliohamishwa Nguluku na Maumba, minazi na mikorosho ikikatwa, na kumbuka kwamba sheria ya madini ya 2016 iliahidi mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa madini anayotoa, ugawanywe asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Ile kumi ya jamii ilikwama kwa miaka mgodi ukiendelea kusafirisha. Asilimia iliyocheleweshwa hadi madini yanaisha haiwezi tena kumsomesha mtoto aliyekuwa darasa la kwanza meli ya kwanza ilipotia nanga. Hapa mdeni mkubwa ni serikali, na inafaa kusemwa wazi, kwa sababu anayedai kampuni zitunze amana kisha akanyamazia amana aliyoikalia yeye hana uso wa kudai.

Kwa hiyo tunapoitwa barazani kutoa maoni juu ya mradi mpya, na notisi za aina hiyo hutoka magazetini kila wiki, mazungumzo yasiishie kwenye ajira ngapi na darasa lipi. Tuulize dhamana ni kiasi gani, imekaa benki ipi, nani anaweza kuitoa, na inatosha kusafisha udongo hadi kina gani. Tuulize mwenye kiwanja ni nani. Mwekezaji makini ana majibu, kwa sababu benki yake ilishamuuliza maswali ya aina hiyo kuhusu mkopo wake.

Na Owino Uhuru isisubiri miradi ijayo. Fidia ikilipwa yote leo, risasi haitatoka udongoni kwa hundi, wala mifupani. Msichana aliyezaliwa kiwanda kikiwa kipya sasa ana umri wa kitambulisho, na huenda karibuni akawa mama. Mimba inapohitaji kalsiamu, mwili huichota mifupani, na risasi iliyolala humo tangu utotoni huamka, ikaingia kwenye damu na kuvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto ambaye hakuwahi kuuona moshi wa kiwanda kile. Zahanati za Jomvu zinaweza kuanza kesho kumpima damu kila mjamzito aliyekulia mtaa ule na kumpa kalsiamu na madini ya chuma mapema. Kipimo hicho hakihitaji amri ya mahakama yoyote.